Kobe Hakukushinda

Bagamoyo, Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Rukia,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Hata saa moja haijapita tangu uvae baibui hapo mlangoni ukaniambia, "Mama, naenda Kaole kumuaga bibi, Magharibi haitanikuta njiani." Yangu utaijua ukifika mwisho wa karatasi hizi. Nimekaa ukumbini, begi lako lipo mbele yangu limeshafungwa. Nimechukua daftari lako la chuo nikachana kurasa za nyuma ambazo hukuziandika kitu. Nisamehe hilo kwanza, ndilo dogo.

Sitakuambia habari ya kusali, wala kula, wala kuficha pasipoti. Hayo bibi yako anakuambia hivi sasa, tena kwa kurudia rudia, na utarudi masikio yanakuuma. Mimi nina neno moja tu, na nimelikalia tangu kabla ya Ramadhani kama kuku aliyelalia yai viza.

Kesho unakwenda Maskati kufanya kazi za ndani kwa watu usiowajua, kwa sababu umeamini kwamba ufundi umekushinda. Haukukushinda. Yule Kobe wa bwawani hakuwa na ubovu wowote. Kuna mtu alikuwa akimharibu kila asubuhi, na mtu huyo ni mimi mama yako.

Haya, nimeshaliandika. Nimeweka kalamu chini nikaenda kunywa maji, nimerudi, na bado lipo.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiwa na hofu naruka huku na huku. Unajua bwawa lile la hotelini nimelisugua tangu hujavaa sare ya darasa la kwanza. Brashi ya mpini mrefu, wavu wa kuopolea majani, ndoo ya dawa. Najua kigae kipi kimelegea na pembe ipi majani ya mkungu hujilundika upepo ukigeuka. Wageni wenyewe huniita Mama Bwawa. Basi walipoleta ile mashine, wakasema hii inatembea yenyewe chini ya maji, inasugua na kunyonya uchafu bila mtu, nilicheka mbele ya watu wote. "Hiki kikobe?" Jina likaganda, hoteli nzima ikamwita Kobe. Lakini moyoni sikucheka hata kidogo. Nililala na homa siku ile, nikakuambia ni malaria.

Hapakuwa na mtu wa kumwendesha. Kitabu chake kilikuja na lugha kibao, Kiswahili hakimo. Ni mimi niliyekwenda kwa meneja nikamwambia binti yangu amemaliza chuo cha ufundi, umeme anaujua. Akasema, "Mlete. Mwezi mmoja wa majaribio. Kobe akifanya kazi vizuri mbele ya mwenye hoteli, binti ameajiriwa, tunamkabidhi bwawa na pampu zote." Nikarudi nyumbani nikapika pilau Jumanne, siku isiyo na jambo, mpaka ukaniuliza, "Mama, kuna maulidi?"

Siku yako ya kwanza kazini ukaniita pembeni. Ukasema taratibu, kwa adabu zako zote, "Mama, nina ombi. Kobe niachie mimi. Naomba usimguse."

Nikakujibu, "Ebo! Nimguse wa nini mie?" Tukaishia hapo. Lakini lile neno lilinichoma, Rukia. Miaka yote ile nimesimama ukingoni mwa bwawa lile, leo mtoto niliyemzaa ananiambia kuna kitu humo nisikiguse. Nilikuonea wivu. Sikuwahi kujua kwamba mama anaweza kumwonea wivu mwanawe, nilidhani hayo ni ya mashoga na mawifi. Niliona wivu na huku nakupenda, vyote viwili kwa pamoja, na hapo ndipo nilipopotea.

Wiki ya kwanza Kobe alitembea vizuri. Ila ukimtoa majini ukamsogeza juu ya vigae vikavu, ile mikanda yake ya mpira, huku na huku ubavuni, inayomtembeza, ilikuwa inalia. Kwiii. Nawe unajua kwetu kitu kikilia tunakifanya nini. Bawaba ikilia, mafuta ya nazi. Cherehani ikilia, mafuta ya nazi. Baiskeli ya marehemu baba yako, mafuta ya nazi. Mtoto akilia na tumbo, mafuta ya nazi kitovuni. Sikuwahi kusikia maishani mwangu kitu kilichodhuriwa na mafuta ya nazi.

Basi asubuhi moja nikafika kabla yako. Nikamkuta Kobe stoo, nikatoa kichupa mkobani, nikampaka mikanda yote miwili. Wa kulia niliuzidishia, kwa kuwa ndio uliokuwa ukilia zaidi. Nikamsomea Kulhuwallahu mara tatu, nikampulizia, nikamwambia, "Haya, nenda ukamfanyie mwanangu kazi." Wallahi nilisema hivyo. Nilitoka stoo nimefurahi kama mtu aliyetoa sadaka asionekane.

Siku ile ile taabu ikaanza. Ukamtia majini, akaenda hatua chache, akageukia kulia, akawa anazunguka pale pale kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Kwenye mteremko wa kwenda kina kirefu akashuka vizuri, kupanda ikawa hawezi. Anapanda kidogo, anateleza, anarudi chini.

Nilikuwa nimesimama na wavu wangu nakutazama. Ulianza na chujio lake, ukalitoa, ukalisuuza mchanga wote. Akazunguka. Ukasema waya wake wa umeme umejisokota ndio unaomvuta, ukautandaza wote juani mpaka ukanyooka. Akazunguka. Ukamgeuza chali, ukatoa nywele za rasta za wageni zilizojiviringa kwenye brashi yake, rundo zima, ukaniambia, "Mama, humu mna kichwa cha mtu!" Tukacheka mpaka machozi. Ukamrudisha, akazunguka. Ukasoma kwenye simu kwamba hewa ikibaki tumboni mwake anakuwa mwepesi, hashiki sakafu. Ukaingia majini na nguo zako, ukamshika, ukamlaza ubavu mpaka mapovu yakaisha. Akazunguka. Ukasema labda ni ule utelezi wa kijani sakafuni, ukaniomba brashi yangu, ukausugua mteremko wote peke yako. Mimi niliona fahari ulivyoniomba brashi. Hebu fikiria.

Na kila asubuhi, kwa kuwa jana hakwenda, mimi namwongezea mafuta. Nilimwona mkaidi, nikasema atazoea.

Siku ya sita ya taabu hiyo ulikuwa umechoka, macho mekundu. Ukachukua sabuni ya maji ukamwosha mwili mzima, huku na huku, mpaka mikanda. Hukufanya hivyo kwa kujua, ulifanya kwa sababu hukuwa na jingine la kufanya. Ukamtia majini. Akaenda moja kwa moja mpaka ukutani, akapanda ukuta mpaka juu, akashuka, akageuka, akarudi. Ukaniita kwa sauti ambayo sijaisikia tena tangu siku hiyo: "Mama! Mama, njoo uone!" Nikaja mbio. Ukanikumbatia umelowa chapachapa.

Nami unajua nilisema nini moyoni? Nilisema, mafuta yamekolea.

Kesho yake ndiyo siku aliyokuja mwenye hoteli. Nilifika alfajiri, kichupa kikiwa kimejaa, na sikubakisha tone.

Ya siku hiyo huna haja ya kukumbushwa, lakini nitayasema kwa sababu nilikuwepo. Mwenye hoteli kiti chake chini ya mwavuli, meneja kasimama, wewe umevaa ile fulana uliyoipiga pasi mara mbili. Kobe akaingia majini akateleza, akazunguka, akajaribu ukuta, akaanguka chali chini ya maji, mikanda juu. Ukamvuta kwa waya, ukamrudisha, akaanguka tena. Meneja akasema mbele ya wahudumu, "Binti, chuo ulisoma au ulipita tu?" Ukasema, "Samahani, jana alikuwa mzima." Akakujibu, "Jana mimi sikuwepo."

Ulitazama kule nilipokuwa mara moja tu. Nadhani ulitaka niseme kwamba kweli jana alitembea, niliona kwa macho yangu. Hata hilo, ambalo lilikuwa kweli na halikuwa na hatari kwangu, sikulisema. Nilishika wavu wangu nikaopoa jani.

Mpaka hapo ningeweza kujitetea, ningesema sikujua. Sasa sikiliza nilipojua.

Siku tatu baada ya wewe kuachishwa, walimleta fundi kutoka Dar es Salaam. Mtu mzima, mpole. Hakufungua kitu. Alipitisha kidole kwenye mkanda, akakisugua na kidole gumba, akanusa. Akasema, "Nani kapaka mafuta ya nazi humu?" Akaeleza kwamba mpira ule unatakiwa uwe mkavu ndipo ushike sakafu, na huu umelainika kama andazi, tena upande mmoja umelainika kuliko mwingine, ndiyo maana mashine inazunguka. Akaomba sabuni na maji ya moto. Chai yake haijapoa, Kobe anatembea.

Meneja akatutazama sisi wafanyakazi. Akaniuliza mimi kwanza, kwa kuwa nilikuwa karibu, "Mama Rukia, unajua habari hii?"

Nikasema, "Sijui."

Akasema, "Basi ni yule binti. Mambo ya kijijini."

Nami nikanyamaza, Rukia. Niliogopa kupoteza kazi yangu, hilo la kwanza. La pili, ambalo ni baya zaidi, niliogopa kuchekwa. Mama Bwawa, mjuzi wa kila kigae, kapaka mashine mafuta kama mtoto mchanga. Nikaona afadhali wakucheke wewe ambaye umeshaondoka.

Nilikuja nyumbani nimeazimia kukuambia. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nikakukuta jikoni unakuna nazi. Hukugeuka, ukauliza tu, "Fundi kasemaje?"

Nikaona mgongo wako ulivyokuwa unangoja. Nikasema, "Kafungua ndani, kabadilisha kidude fulani. Hata yeye kapata taabu kweli kweli." Nilidhani nakupoza.

Ukaacha kukuna. Ukasema polepole, "Kumbe ndani. Mimi sikufikiria ndani." Ukaendelea kukuna.

Tangu siku ile sijaona umeshika bisibisi. Jirani alileta feni yake, ile ambayo zamani ungeifungua kabla hajamaliza kusalimia, ukamwambia, "Mimi sijui, mama, mpelekee fundi." Niliposikia "mimi sijui" nilikwenda uani nikalia nimejifunika kanga. Nilipaswa kukujia pale pale. Nilingoja nikasema wiki ijayo, baada ya Ramadhani, baada ya Idi. Wiki baada ya wiki nakuona unasinyaa ndani ya nyumba hii, hucheki, huulizi kitu, mpaka akaja yule mama wakala wa Maskati na karatasi zake, ukazitia sahihi bila hata kuzisoma. Wewe, Rukia, uliyekuwa ukisoma hata maandishi ya kiberiti!

Ulikuwa darasa la pili ulipoifungua redio ya baba yako. Nilikukuta umepanga skrubu zake kwenye mkeka kwa safu, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. Nilikuchapa. Baba yako akanizuia, akasema, "Mwache, airudishe." Ukairudisha, ikaimba. Mimi nikakuambia imeimba kwa bahati. Naikumbuka sura yako. Kwa hiyo usidhani ya Kobe ndiyo ya kwanza, mwanangu. Nimepekua moyo wangu siku hizi, nimeona nilianza zamani. Kila ulipokuwa na kitu chako ambacho mimi sikijui, nilitafuta namna ya kutia mkono. Unga ukikanda wewe, naukanda upya. Kanga ukikunja, naikunja tena. Nikiyaita mapenzi. Na yalikuwa mapenzi, ndiyo shida yenyewe, maana kama ningekuwa adui yako ungenijua mapema ukanikimbia.

Leo asubuhi, ulipokwenda kuchukua picha zako za pasipoti zilizobaki, mimi nilikwenda hotelini. Sikwenda kwa kazi, zamu yangu siku hizi ni ya mchana na nimeomba ruhusa. Niliingia kwa meneja nikasimama. Nikasema, "Mafuta niliyapaka mimi. Mwanangu hakujua lolote." Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, kutukanwa, lolote. Nilikuwa hata nimeandaa kumwomba akuite, akujaribu tena, hata mimi niondoke.

Alicheka. Alicheka akamwita mhasibu, "Njoo usikie ya Mama Bwawa!" Nikarudia mbele ya mhasibu. Wakacheka wote wawili. Kisha akapangusa macho, akasema, "Mama, hayo yameshapita. Kobe ana mtu wake sasa, kijana wa yule fundi. Mwambie binti pole." Akarudi kwenye karatasi zake.

Pole. Ndiyo niliyopata, ndiyo ninayokuletea. Niliogopa kuchekwa miezi yote hii nikakuuza kwa hofu hiyo, na kicheko chenyewe kimechukua muda wa kumaliza kikombe cha chai. Nimerudi kwa miguu kwa kuwa sikutaka mtu anione uso.

Sasa sina la kutengeneza. Ukibaki, kazi ile haipo. Ukienda, unakwenda kufua nguo za watu na mikono ile iliyopanga skrubu kwa safu. Nimekaa hapa natafuta neno la kukupa, mzazi anatakiwa awe na neno, na sina. Ninayo haya machache tu, na hayatoki kwenye hekima, yanatoka kwenye aibu. Kitu ulichokikagua kila upande na bado kinakataa, uliza nani mwingine anakigusa. Uliza hata kama ni mtu anayekupenda. Hasa huyo. Na mtu akikuambia ulichofanya kimekuwa kwa bahati, mwambie mama yangu alisema hivyo hivyo, na alikuwa mwongo.

Uliliosha lile jidude kwa sabuni siku ya sita. Fundi wa Dar es Salaam, mtu mzima na uzoefu wake, alifanya hicho hicho. Ulikuwa umeshafika, Rukia. Kama mimi ningebaki kitandani asubuhi moja tu!

Barua hii nilikusudia kuitia chini kabisa ya begi, uikute ukiwa mbali huwezi kunitazama. Nimelifungua mara mbili, nimekuta umezitia bisibisi zako ndani ya soksi, chini ya sanduku la viatu. Sijui kama unazichukua au unazificha nisizione. Nimezirudisha kama zilivyokuwa. Nimefunga. Nikiitia barua humo nitakuwa nimefanya tena mambo yangu kwa siri, kabla hujafika, kama zile asubuhi. Kwa hiyo nitakupa mkononi, leo, ukiingia tu, kabla hujavua baibui. Gari la wakala linakuja kesho baada ya alfajiri. Sikuambii panda, sikuambii baki. Mengi yako nimeshayaamua bila kukuuliza.

Jambo moja la mwisho. Mchana wa leo ulikuja na kitana, ukakaa kwenye mkeka katikati ya magoti yangu kama ulivyokuwa ukikaa ukiwa mdogo. Ukasema, "Mama, nipake mafuta, unisuke za safari." Nikakuambia mafuta yameisha. Ukashangaa, kwa kuwa nyumba hii haijawahi kuishiwa mafuta ya nazi, lakini hukubisha. Ukainuka ukaenda kusukwa kwa jirani, kwa mafuta ya dukani.

Hayajaisha, mwanangu. Chupa imejaa, iko nyuma ya mtungi. Nilishindwa kukugusa.

Mama yako